Fundi Onja na Matunda Mawili ya Ukutani

Hakuna mtoto anayezaliwa akaitwa Fundi Onja. Jina hilo alijichumia mwenyewe ukubwani, kwa mdomo wake, na watu walimpa kwa kicheko kabla hajalizoea. Kazi yake ni kuandika na kuchora mabango: ya maduka, ya vinyozi, ya wauza juisi, ya shule za chekechea zenye tembo aliyevaa suruali. Na ana sharti moja ambalo halivunji hata umwage fedha mezani. Hachori kitu ambacho hajakionja.

Lilianza na mkate. Bado alikuwa mwanagenzi, akaagizwa achore mkate juu ya mlango wa mwokaji. Akachora harakaharaka, tumbo tupu na akili yote kwenye mpira. Wapita njia wakatazama juu, wakauliza mwokaji ameanza lini kuuza matofali. Mwokaji hakumfokea. Alimwita ndani, akamkalisha, akamkatia kipande cha moto, akamwambia ale kwanza ndipo apande ngazi tena. Akala, akapanda, akachora upya, na mkate wa pili ulikuwa mkate kweli, watu wakawa wanapita wakimeza mate. Kuanzia hapo akaweka nadhiri.

Nadhiri ni kitu kizuri mpaka ikudai. Kwa kinyozi ilimdai nywele zote. Kwa daktari wa meno ilimdai jino ambalo, tuseme kweli, halikuwa na kosa kubwa. Kwa fundi cherehani ilimbidi ashonewe shati. Akalivaa, akarudi kusema mkono mmoja ni mrefu. Ukafupishwa, akarudi kusema sasa ni ule mwingine. Akarudi tena kwa sababu ya kifungo. Yule fundi cherehani, mwanamke mwenye macho makali na pini mdomoni, alizitoa pini zake moja moja, akamwuliza kama anatafuta shati au anatafuta mke. Akajibu kwamba shati lilikuwa sawa tangu siku ya kwanza. Sasa ni miaka mingi wameoana. Watoto wamekua, wameondoka, na nyumbani wamebaki wao wawili na cherehani na makopo ya rangi.

Mama watoto naye ana lake. Haonji anachopika. Anapika kwa jicho na kwa sikio, anasema mchuzi ukiiva husema wenyewe, na kuonja amemwachia mume. Kila jioni, kabla ya kupakua, hutoka jikoni na kijiko, mkono mwingine umekikinga chini kisidondoshe, humfuata mumewe popote alipo, hata juu ya ngazi. Mume huonja, hufumba macho, hutoa hukumu: chumvi imekubali, au bado kidogo, au leo umenipenda. Ugomvi wao mwingi umeishia kwenye kijiko hicho, maana huwezi kumnunia mtu huku umeachama mdomo akulishe.

Basi mvua zilipoanza, Fundi Onja alishikwa na mafua makali yakamlaza wiki nzima. Homa ikaondoka, kikohozi kikaondoka, na pua na ulimi navyo vikafuata njia hiyo hiyo. Aliamka asubuhi moja, chai ikawa maji ya moto tu. Akatafuna kipande cha ndimu, hakukunja hata uso. Akafungua kopo la rangi ya mafuta akaliingizia pua yote, akasikia upepo mtupu. Akajiambia itarudi kesho. Kesho ikaja, pua haikuja.

Hakumwambia mtu. Mtu anayejulikana mji mzima kwa ulimi wake, aanzie wapi kusema ulimi umekufa? Wateja wangehamia kwa yule kijana wa mtaa wa pili anayechapa mabango kwa kompyuta, ambaye katika maisha yake hajawahi kuonja kitu zaidi ya biskuti. Na mama watoto je? Kila jioni kijiko kilikuja, na kila jioni Fundi Onja alifumba macho akasema chumvi imekubali. Ilikuwa inakubali kila siku. Hapo angekuwa na akili angebadilisha maneno, lakini mwongo mwema ni mwongo mvivu.

Polepole akaona mama watoto anabadilika. Zamani alikuwa akiimba kwenye cherehani, sasa cherehani iliimba peke yake. Mezani alimtazama mumewe anavyotafuna, toka tonge la kwanza hadi la mwisho, yeye mwenyewe akila kwa shida kama mtu aliyelazimishwa. Fundi Onja alijua kuna kitu kinavunjika katikati yao, na akaogopa kuuliza, kwa sababu jibu lingeanza na ukweli wake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu wetu hakufikishwa huko. Aliumbuliwa na tunda.

Lilitoka kwa mtaalamu wa lishe wa zahanati, binti mchangamfu ambaye watu wote walimwita Dada Lishe. Alimwita Fundi Onja akamwonyesha ukuta mrefu mweupe unaotazama barabara.

"Fundi, nataka matunda mawili hapa, makubwa, mtu ayaone akiwa upande wa pili," alisema. "Fenesi na duriani. Fenesi watu wanalijua tangu zamani. Duriani limeingia sokoni mwaka huu, na limeleta vita. Wengine wanasema ni fenesi lililokasirika. Wengine wanasema ni dawa ya kila kitu. Juzi mzee wa kisukari amekula zima, akaletwa hapa kwa machela, bado analisifia."

"Na ni yapi ya kweli?"

"Ya kweli ni kwamba si ndugu, yamefanana sura tu. Fenesi ni kubwa, linaweza kumshinda mtu kulibeba, ngozi yake ina vijinundu butu. Duriani ni kama kichwa cha mtu, na miiba yake ni miiba kweli. Fenesi lina maji mengi na mafuta karibu hakuna. Duriani lina mafuta, ndiyo maana kwa kipimo kile kile linakupa nguvu kama mara moja na nusu ya fenesi. Vitamini C yote yanayo, duriani limezidi kidogo. Nyuzinyuzi za kusaidia choo, duriani limezidi sana. Madini ya potasiamu yamelingana. Mbegu za fenesi ukichemsha unapata chakula kingine kabisa. Na sukari imo katika yote mawili, kwa hiyo hakuna la kula kama mashindano."

Fundi Onja alisikiliza kwa makini. Kisha Dada Lishe akamkabidhi matunda yenyewe, fenesi kwenye gunia na duriani kwenye mifuko mitatu iliyofungwa mmoja juu ya mwingine, kwa kuwa alilijua sharti lake na alikuwa amejiandaa.

"Fenesi weka popote," alimwambia. "Hili jingine liache nje, fundi. Nakuomba sana."

Fundi Onja alidhani anaogopewa kuchomwa na miiba. Akalifikisha nyumbani jioni, akalitoa kwenye mifuko lisije likavunda, akatazama nje: jua la kesho litalipasua kabla hajalichora, na mbuzi wa jirani hana adabu. Fenesi likabaki barazani, nani ataiba mzigo ule. Duriani akalitafutia mahali pa baridi, pakavu, penye kivuli. Katika nyumba yote kuna mahali pamoja tu pa namna hiyo: chumba cha kushonea cha mama watoto, rafu ya chini, nyuma ya majora ya vitambaa. Akalivingirisha vizuri kwa kipande cha pamba kilichobaki, akaenda kulala ameridhika. Alfajiri akatoka kwenda kupiga ukuta rangi ya kwanza.

Mchana aliporudi alikuta nyumba yake yote iko uani. Majora, viti, godoro, hata cherehani. Gauni la bibi harusi, ambalo lilikuwa lichukuliwe jioni ile ile, lilining'inia peke yake kwenye kamba ya mbali likipigwa na upepo. Mama watoto alikuwa amejifunga kitambaa puani, na pamoja naye fundi viatu wa jirani, mtu mwenye maneno mengi, ameshika fimbo.

"Kuna panya amefia ndani," mama watoto alimwambia kwa sauti ya kitambaa. "Tumetafuta tangu asubuhi."

"Huyu si panya," fundi viatu alisema. "Huyu ni ukoo mzima, na msiba wao wamepikia vitunguu."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema, mimi sisikii harufu. Fundi Onja alivuta pumzi kubwa, akakunja uso, akasema, "Kweli, ni kali." Akaingia ndani kwa ujasiri bila kitambaa, akiwa amekunja mikono ya shati. Wenzake wakamfuata hadi mlangoni. Alinusa huku, akanusa kule, akasimama karibu kabisa na rafu ya chini, akatikisa kichwa kama mtaalamu, kisha akanyoosha kidole dirishani.

"Inatokea kule nje."

Fundi viatu alikuwa tayari anakohoa. Mama watoto hakukohoa. Alimtazama mumewe aliyesimama katikati ya uvundo ule akipumua kwa raha kama yuko bustanini. Akampita, akainama, akasukuma jora la mwisho lililobaki rafuni, akalitoa lile furushi la pamba. Tunda lilikuwa limepasuka lenyewe, limeachama mistari mitano, na ndani kunaonekana nyama ya manjano.

"Kikulacho ki nguoni mwako," fundi viatu alisema, akatoka mbio.

Mama watoto alilibeba mikononi, likimchoma kupitia kitambaa, akalisogeza chini ya pua ya mumewe.

"Linanukaje?"

Fundi Onja alifikiri upesi. Lilikuwa tunda, lilikuwa limeiva, rangi yake ya dhahabu. Akafumba macho kama kawaida yake.

"Linanukia vizuri. Kama ua la asubuhi."

Kutoka uani fundi viatu alisikika akianguka juu ya godoro kwa kicheko. Mama watoto hakucheka. Alikwenda mlangoni, akamshukuru jirani kwa msaada, akafunga mlango. Kisha akarudi, akaweka duriani juu ya meza tupu ya kukatia nguo.

"Wiki iliyopita nilikupa maharage bila chumvi hata punje," alisema. "Ukasema imekubali. Siku ya pili nikatia chumvi ya siku tatu. Ukasema imekubali. Juzi nimetia sukari kwenye mchuzi wa samaki, baba watoto. Sukari. Ukafumba macho, ukaniambia leo nimekupenda."

Fundi Onja aligeuza macho kwenye duriani.

"Na vyote nimekula na mimi, nikikutazama. Nikasema huyu anakula kwingine. Mtu aliyeshiba kwingine hajali cha nyumbani kina nini."

"Kwingine wapi?"

"Ningepajua ningekwenda kumfundisha huyo mwanamke kuosha vyombo vyako vya rangi." Akamsogelea. "Ni nani?"

Hapo Fundi Onja aliona wazi alichokaribia kukipoteza, na hakikuwa jina wala mabango. Akaketi juu ya boksi la nyuzi. Akasema yote: mafua, ndimu, kopo la rangi, kila kesho aliyoingoja. Akasema kwamba tangu mvua zianze hajui mkewe amepika nini, anajua tu kama ni laini au kigumu.

Mama watoto aliegemea meza ya kukatia. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na Fundi Onja hakujua kama ni kilio au kicheko, hata mwenyewe hakujua, vilikuja pamoja.

"Kwa hiyo hakuna mwanamke."

"Hakuna."

"Kuna mafua tu."

"Mafua tu."

"Nimekula mchuzi wa samaki wenye sukari kwa ajili ya mafua." Akajifuta macho kwa upindo wa khanga, akakasirika upya. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nikisema sionji, nani ataniita Fundi Onja?"

"Mimi sikuolewa na jina," mama watoto alisema. "Niliolewa na mtu aliyerudi kwangu kwa sababu ya kifungo."

Ukuta uliendelea kungoja na nadhiri ilikuwa palepale. Fundi Onja alisema ataiacha kazi, atamwambia Dada Lishe amtafute yule wa kompyuta. Mama watoto akamwuliza ulimi ni wa nani katika nyumba hii, wake au wao. Akaleta fenesi kutoka barazani, akapaka mafuta kisu na mikono kwa ajili ya ule utomvu unaonata kama gundi, akalipasua. Kisha akachukua kibanio cha nguo akajibana pua, maana kuwa mke mwema si lazima ufe.

Alianza na duriani, ili limwishie mapema. Alichota kipande kwa vidole, akakiweka mdomoni, akatafuna. Akatulia, akatafuna tena, akamtazama mumewe kwa mshangao.

"Halina kitu," alisema kwa sauti ya puani. "Ni kama uji mzito uliopoa."

Akajaribu fenesi. Lilikuwa kama raba laini, basi. Akatafuna mara ya mwisho, akaacha, mkono ukiwa hewani.

"Hivi ndivyo ulivyokuwa ukila?"

"Hivi hivi."

"Kila siku?"

"Kila siku. Na wewe umeniangalia."

Mama watoto aliondoa kibanio. Uvundo ulimrudia wote kwa mpigo, macho yakajaa machozi, na hakukirudisha tena. Akasogeza boksi jingine karibu na la mumewe, akaketi, magoti yakigusana. Mume akachukua penseli na kipande cha karatasi ya kukatia nguo.

"Haya, tuanze. Fenesi kwanza," mke alisema, akauma. "Hili ni tunda la mchana. Harufu yake inakuja kukupokea mlangoni, kama ndizi mbivu na nanasi zimekaa kikapu kimoja. Ukiuma linakurudishia, lina mgongo, linataka meno. Utamu wake ni mweupe, unaisha mdomoni, unataka jingine. Mtoto atalila akikimbia."

Penseli ilikwenda. Fundi Onja alichora vipande vyenye mgongo, vimesimama, vina mng'ao wa maji.

"Na duriani?"

Mama watoto alijikaza, akauma, safari hii na pua yake yote. Kwanza akakunja uso mzima. Halafu uso ukafunguka taratibu, upande mmoja baada ya mwingine.

"Hee. Subiri." Akachota tena. "Pua inasema kimbia, ulimi unasema kaa. Nje ni vitunguu vilivyosahauliwa ndooni, ni jiko la gesi linalovuja. Ndani ni malai. Ni mayai na sukari na maziwa yaliyochemka mpaka yakagandamana. Halihitaji meno kabisa. Linakaa, haliondoki, hata ukimeza bado lipo. Hili si la kukimbia nalo. Hili unakula kidogo, umekaa, mlango umefunga."

"Usile zima," mumewe alimwonya. "Lina mafuta."

"Nakufanyia kazi," mama watoto alijibu, akachota tena.

Wakaendelea hivyo alasiri yote, mmoja akila na mwingine akichora, na kila alipokosea mke aligonga karatasi kwa kidole kinachonata: hapana, utamu huu uko ndani zaidi, tia kivuli. Shangazi wa bibi harusi alipokuja kuchukua gauni, alilinusa mara mbili, akasema linanukia upepo, akalipia.

Ukuta ulikwisha, na hadi leo uko pale. Fenesi amelichora juu ya sahani pana, na kando yake sufuria ya mbegu zinazochemka. Duriani amelichora juu ya kikombe kidogo, vipande viwili tu, ili hata asiyejua kusoma ajue kipimo. Maandishi ya Dada Lishe yako chini, yanasema ukweli wote bila kuapa. Upande wa fenesi watu hupita wakilamba midomo. Upande wa duriani wanapunguza mwendo, wanaziba pua, kisha wanasogea karibu. Mzee wa kisukari huja kulitazama tu, anasema daktari amemruhusu macho.

Siku ya kumaliza, mama watoto alikuja kumwita mumewe chakula. Alimkuta ameketi ngazi ya chini akifuta brashi. Akaketi kando yake. Barabara ilikuwa na watu, na mvua nyepesi ilikuwa imepita.

"Niambie," Fundi Onja alisema. "Hapa kunanukaje sasa?"

Mama watoto aliinua pua. Alimwambia kuna vumbi lililolowa. Kuna tapentaini ya kufutia brashi mikononi mwa mumewe. Kuna mtu anakaanga vitunguu nyumba ya pili, na vinakaribia kuungua. Kuna sabuni kutoka zahanati, na mtoto aliyepita sasa hivi amekula chungwa. Alisema yote polepole, moja baada ya jingine, kama anamlisha.

"Na wewe? Unanukiaje siku hizi?"

"Hilo sikuambii," mama watoto alisema. "Hilo utalitafuta mwenyewe."

Fundi Onja akatazama kulia na kushoto, akainama, akaweka pua shingoni mwa mkewe, pale khanga inapoishia, akavuta pumzi ndefu.

"Bado," alisema.

"Basi kesho," mama watoto alisema, wala hakuiondoa shingo yake.